Jani la Isale Halijamfikia Salvina

Nyumbani, Rombo,
Juni 27, 2025.

Kaka yangu mpendwa Vedastus,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mererani, na kwamba lile vumbi la machimboni ambalo rafiki yako Isack ametusimulia halijakuharibia kifua. Sisi hapa nyumbani hatujambo. Mama ni mzima, ila miguu inamvimba akitoka sokoni Tarakea, na ukimwambia apumzike anakuuliza ni nani basi atakayeuza ndizi zake. Baba naye hajambo, nitakueleza habari zake kwa urefu. Mimi nimefunga shule, nimeshika nafasi ya nne katika kidato cha tatu, na hesabu zangu zimepanda. Baridi ya mwaka huu ni kali. Ukungu unashuka asubuhi mpaka kwenye migomba ya chini na hauondoki mpaka saa nne.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi ambapo kila mtu ana simu. Simu tumejaribu. Mama akikupigia mnaongea vizuri mpaka ataje jina la wifi, hapo mtandao unaharibika. Baba akipiga hupokei. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema kwamba jambo zito huandikwa taratibu, tangu lilipoanzia, na bila kumtukana mtu. Ndivyo nitakavyojaribu. Isack anarudi huko Jumapili baada ya kumzika shangazi yake, naye amekubali kuibeba. Nimemwomba asikuambie neno mpaka umalize kusoma.

Tena nataka ujue kwamba sikutumwa na mtu. Baba anajua naandika, Mama anajua, na wifi Salvina anajua. Lakini maneno ni yangu.

Kaka, wifi Salvina yuko hapa kwetu. Tafadhali usiikunje barua. Yuko hapa kihambani, kwenye migomba yetu, analala katika chumba chako cha zamani, tangu mwezi wa tano.

Mama amenisimulia jinsi alivyofika, maana mimi nilikuwa bado bwenini. Ilikuwa mchana, Baba alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Wifi aliingia kwa njia kubwa akiwa na begi lile lile, la buluu, lenye zipu mbovu. Alimwamkia Baba shikamoo, akakataa kigoda, akasema amekuja na swali moja na akijibiwa ataondoka. Swali lake lilikuwa hili: lile jani la isale la kuomba msamaha lililopelekwa kwa baba yake mwezi wa kumi na mbili lilikuwa la nani? La baba yake, au lake yeye? Mama anasema Baba aliweka panga chini. Akamwambia Mama amwandalie Salvina chumba, kwamba swali hilo ni kubwa na yeye hawezi kulijibu amesimama.

Ili uone kwa nini lilimshika Baba hivyo, naomba nirudi nyuma kidogo, kwenye mambo unayoyajua kuliko mimi. Nikikosea utanisahihisha.

Wewe na wifi mlikuwa mkifanya kazi zamu moja pale kiwanda cha sukari, mkakaa Pasua katika vile vyumba viwili, na kila tulipokuja mlikuwa mkicheka. Halafu wifi akapandishwa kuwa msimamizi wa zamu. Yeye mwenyewe ameniambia kwamba kabla ya kukubali alikuuliza, nawe ulisema ni vizuri, ulinunua hata soda. Sikulaumu kwa yaliyofuata peke yako, kwa sababu Isack, ambaye naye alikuwa kiwandani, ametueleza jinsi wenzako walivyokutesa. Kila siku mlipoingia kazini walikuuliza kama ruhusa unaiombea kiwandani au jikoni. Walikuita Bwana Salvina. Ukichelewa walisema bosi amekuchelewesha kuosha vyombo. Ulicheka nao mwanzoni, Isack anasema, kisha ukaacha kucheka, kisha ukaacha kula nao.

Wifi naye hajifanyi malaika. Ameniambia kwamba kuna siku ulikosea kwenye mashine, naye akakusahihisha mbele ya watu wote kwa sauti ile ile ambayo angemsahihisha mtu yeyote. Anasema ingetokea tena angekuita pembeni. Lakini anasema pia angekusahihisha, kwa sababu mashine ile ingemkata mtu mkono.

Jioni ile ile ulimwambia aandike barua ya kukataa cheo. Alipokataa kuiandika, uliliweka begi lake nje ya mlango, majirani wa Pasua wakiwa wanaangalia, ukasema nyumba moja haiwezi kuwa na wasimamizi wawili.

Nimeifikiria sana sentensi hiyo, kaka, kwa sababu ni wewe uliyeisema. Angeisema baba mdogo Kastori nisingeshangaa. Yeye alipoona nimefaulu darasa la saba alimwambia Baba kwamba kumsomesha msichana ni kumnenepeshea jirani ng'ombe. Ni wewe uliyesimama siku ile. Ulikuwa umetoka kazini na nguo zinanuka miwa, ukasema Herieth atasoma mpaka atakapochoka mwenyewe, na ukanifundisha sehemu na desimali kwa vijiti vya kuni. Sasa nataka kukuuliza kwa heshima zote. Ulitaka nisome mpaka wapi? Nikisoma nikawa msimamizi wa watu, na mmoja wa watu hao akawa mume wangu, ungependa begi langu likae wapi?

Usidhani ninaona upande mmoja tu. Muhula huu tulikuwa na mdahalo shuleni, mada ikisema kwamba haki sawa zimevunja ndoa nyingi kuliko umaskini. Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Nilizungumza vizuri na nikapigiwa makofi. Lakini upande wa pili alikuwepo Mary, rafiki yangu ambaye tunalala naye kitanda cha juu na chini. Mama yake ni diwani. Mary aliacha hoja alizoandika akasema kwamba tangu mama yake achaguliwe, watu wakija nyumbani wanampita baba yake barazani kama nguzo, wanauliza kama mheshimiwa yupo. Hata fundi wa paa alimsubiri mama. Mary alisema baba yake hajampiga mtu wala kumfukuza mtu, ameacha tu kuongea. Sisi tulishinda ule mdahalo kwa pointi, ila usiku huo sikujisikia mshindi.

Kwa hiyo nilipofika nyumbani nilimuuliza Baba jambo ambalo sikuwahi kumuuliza. Nilimuuliza alijisikiaje Mama alipoanza kwenda Tarakea. Nilidhani atanikaripia. Aliniambia kwamba yeye alipokuwa kijana kila kitu kilikuwa na mwenyewe. Kahawa ilikuwa ya baba, ndizi zilikuwa za mama. Mwanaume hakuuliza yeye ni nani, aliiangalia kahawa yake akajua. Kisha kahawa ikashuka bei mpaka wengine wakaing'oa, na ndizi zikapanda, zikaanza kuvuka mpaka kwenda Kenya. Alisema: "Sisi tukabaki na heshima isiyo na kazi, mama zenu wakabaki na kazi isiyo na heshima. Na hakuna mzee aliyetuita akatuambia sasa tufanyeje." Alisema kuna mwaka mzima alikuwa akienda kilabuni asubuhi ili tu asiwepo Mama anaporudi na mzigo. Mimi mwaka huo naukumbuka, lakini sikujua ndicho alichokuwa akikikimbia.

Sasa turudi kwenye isale.

Mwezi wa kumi na mbili, watu wote walipopanda kuja kula sikukuu nyumbani, ulimtuma baba mdogo Kastori kwa mzee Fabian, baba yake wifi, na jani la isale lililofungwa fundo, kuomba msamaha. Wewe unajua na mimi najua kwamba hapa kwetu hakuna anayeletewa isale akakataa. Hata aliyeuliwa mtu wake hupokea. Mzee Fabian akapokea, mbege ikaletwa, baba mdogo na mzee Fabian wakanywa kwenye kata moja, jambo likahesabiwa limeisha. Wakati huo wifi alikuwa wapi? Alikuwa jikoni kwa mama yake, anachuja hiyo mbege waliyokuwa wakinywa. Hakuna aliyemwita. Kesho yake baba yake akamwambia afungashe arudi kwa mumewe, kwa kuwa ameshaombwa radhi. Yeye akauliza, nani ameombwa? Mzee Fabian akakasirika, akasema hatakaa na binti anayeidharau isale chini ya paa lake.

Ndipo wifi akashuka mjini akapanga chumba mtaa wa Soweto. Wewe uliambiwa kwamba amepanga na mwanaume, na ukaamini, ukaacha kazi kiwandani ukaenda machimboni, na Isack anasema mtu akitaja jina lake huko unanyanyuka na kuondoka. Kaka, aliyekuwa akiishi naye Soweto ni mwalimu wa chekechea anayeitwa Eva, ambaye anaimba kwaya na anaogopa panya. Hakuna mwingine.

Ulifikiri uliomba msamaha na ukakataliwa. Hilo ndilo linalokuchoma, si ndiyo? Mama anasema uliwahi kumwambia kwa simu kwamba umefanya kila ambacho mila inataka na mwanamke yule amekudharau. Lakini isale haikumfikia. Ilitoka kwako ikaenda kwa baba mdogo, ikatoka kwa baba mdogo ikaenda kwa mzee Fabian, na ikaishia hapo. Wanaume watatu mlisameheana kwa jambo alilofanyiwa mtu wa nne.

Wiki ya kwanza ya likizo yangu, Baba aliamua kulimaliza. Alimwita baba mdogo Kastori awe shahidi. Akakata jani, akalifunga fundo, akamfuata wifi uani alipokuwa amekaa akichambua maharage. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na Mama. Baba alimwambia, "Mama, naomba jambo la mwanangu liishe. Pokea." Kaka, sijawahi kumwona Baba ameinama namna ile mbele ya mtu aliye mdogo kwake. Na wifi akasimama kwa shida, akarudi nyuma hatua moja, akaweka mikono yake mgongoni.

Baba mdogo alipiga makofi ya kushangaa mpaka kuku wakatawanyika. Alisema tangu mlima huu uumbwe hajasikia isale ikikataliwa, tena na mwanamke, tena ya baba mkwe. Alisema hiyo ndiyo hamsini kwa hamsini mliyoitaka, sasa mmefika hamsini kwa sifuri. Alisema mke si jirani mliyegombania naye mpaka, kwamba apelekewe jani. Mke huambiwa rudi, akarudi. Wifi alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akamwambia Baba, kwa sauti ya chini lakini wote tulisikia, kwamba hakatai mkono wake, kwa sababu mkono wake haukuliweka begi nje. Alisema akilipokea kwa Baba, jambo hili litakuwa limemalizwa mara mbili na yeye hajaulizwa hata mara moja. Alisema nafasi ya hilo jani ipo, hajaifunga, lakini si ya Baba kuijaza.

Nilidhani Baba atalitupa jani na kumfukuza. Yeye akamgeukia mdogo wake, akamuuliza Vedastus alisema nini hasa siku alipomtuma. Baba mdogo akasema wewe ulisema, "Nenda kamalizane na mzee." Baba akatikisa kichwa. Akasema, "Basi na mzee amemalizana. Na mkewe bado." Akaenda akalitupa jani kwenye shimo la mbolea, akaosha mikono, akamwomba wifi akae aendelee na maharage yake.

Baba mdogo aliondoka bila kuaga. Jioni ile ile habari ilikuwa kilabuni.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wifi aliniomba nisiliandike mwanzoni. Aliniambia nikueleze kwanza swali lake lote, kwa sababu mwanaume akilisikia jambo hili analisahau swali, na watu wote wanakuja na vitenge na vicheko, na mwanamke anajikuta amerudi nyumbani bila mtu kumwomba chochote. Nimetii. Swali umelisoma. Sasa soma na hili.

Kaka, una mtoto. Ni wa kike. Alizaliwa wiki mbili zilizopita, katika zahanati ya masista, asubuhi, bila matatizo, na analia kwa sauti nzito kama ya Baba akiita ng'ombe. Ana masikio yako. Mama alipomwona alicheka akasema hayo masikio yangeweza kubaki Mererani.

Siku ile ya begi wifi alikuwa ameshajua. Alikuwa amepanga kukuambia jioni hiyo, baada ya chakula. Hakukuambia baadaye kwa sababu hakutaka urudi kwa ajili ya tumbo. Mimi nilimwambia wazi kwamba katika hili sikubaliani naye, kwamba ulikuwa na haki ya kujua. Alifikiri, akasema huenda ni kweli, na ndiyo sababu ameniruhusu kuandika.

Unajua hapa kwetu mwanamke akijifungua anakaa ndani miezi mitatu, analishwa na mama mkwe. Lakini Mama ana siku zake za soko, na asipokwenda Tarakea wateja wake wa upande wa Kenya watachukuliwa na wengine. Mama alikuwa ameshaamua kuacha soko. Ndipo Baba akasema siku za soko atapika yeye.

Mama alidhani anatania. Hata mimi nilidhani hivyo. Baba mkwe kumpikia mzazi mke wa mwanawe! Lakini siku ya soko iliyofuata aliamka, akakata mkungu wa ndizi mshare, akakaa kwenye kigoda akaanza kumenya. Mtori wake wa kwanza wa ndizi na nyama uliungua, wa pili ukawa maji, na kwenye wa tatu alisahau mfupa mdogo ndani. Sasa anapika mtori ambao Mama anauonja mara mbili. Hataki nimsaidie. Ananiruhusu kuchochea moto tu. Ukiiva anaupakua kwenye bakuli, anatembea mpaka mlango wa chumba, anasimama nje, anakohoa kidogo, anasema, "Mama, tayari." Haingii, wala hatazami ndani, kwa heshima ya mkwe. Mimi ndiye ninayelipokea bakuli mlangoni na kuliingiza. Wifi anaitikia, "Asante, Baba." Tangu mtoto azaliwe hawajaonana uso kwa uso, lakini sijawahi kuona watu wawili wanaoheshimiana zaidi ya hao.

Usiniulize kijiji kimesemaje. Kilabuni wamempa jina la Mama Mtori. Baba mdogo Kastori alimuuliza njiani, watu wakisikia, kama kanga ya leo ameifunga kifuani au kiunoni. Baba akamjibu kwamba aje aonje, labda atajua kwa nini mke wake humpa chakula kilichopoa. Watu walicheka, na safari hii hawakumcheka Baba. Ila usifikiri haimuumi. Utomvu wa ndizi hautoki mikononi kirahisi. Jumapili alipopokea komunyo, nilikuwa nyuma yake kwenye mstari, nikaviona vidole vyake vyeusi mbele ya kanisa zima. Nilijua kila mwanamke pale anajua weusi ule unatoka wapi. Baba hakuificha mikono. Alirudi kwenye benchi akapiga magoti kama siku zote.

Na juzi mzee Aminieli, jirani yetu aliyefiwa na mkewe, alipita nyuma ya nyumba kama mtu anayetafuta mbuzi, akamuuliza Baba kwa siri maji ya mtori yanawekwa kiasi gani. Anasema tangu mkewe afe hajala mtori, kwa sababu anaona aibu kumwomba mtu na aibu kujipikia. Baba alimwingiza jikoni. Walikaa humo muda mrefu, nikawasikia wakicheka kama vijana.

Kaka, mimi ni mtoto bado na sijui mambo ya ndoa. Lakini nimewatazama wanaume wa hapa likizo hii yote, na nimeona kwamba kinachowaumiza si kazi ya wanawake. Wanaogopana wao kwa wao. Wewe hukumwogopa wifi Salvina. Uliwaogopa wale waliokuita Bwana Salvina, na ukamtoa nje yeye badala ya kuwatoa wao masikioni. Baba naye anawaogopa, ameniambia. Anasema tofauti ni kwamba sasa anaogopa huku anamenya.

Baba amesema masharti yake, na ameniomba niyaandike bila kuyapunguza. Ukija kwa ajili ya mtoto tu, utamwona, ni damu yako na hakuna atakayekuzuia. Utaletewa uani, utambeba, kisha utarudi ulikotoka. Ukija kwa ajili ya wifi, uje mwenyewe. Usimtume Kastori, usimtume Isack, usimtume Baba. Uje mchana, kwa njia kubwa, upite mbele ya kilabu jani likiwa mkononi na si mfukoni. Na usipeleke kwa mzee Fabian wala kwa Baba. Umpe yeye. Cheo chake anacho na likizo ya uzazi ikiisha anarudi nacho kazini, hilo halimo katika mazungumzo.

Nilimuuliza wifi kama atalipokea. Nilitaka nikuandikie kwamba ndiyo, atalipokea, ili uje kwa furaha. Hakusema ndiyo. Alisema mwanamke anayeulizwa lazima awe na uwezo wa kujibu lolote, la sivyo hajaulizwa. Lakini acha na mimi niseme nilichokiona: amekataa kabisa mtoto apewe jina mpaka sasa. Unajua binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, na Mama anangoja kwa hamu kusikia Dominika mdogo akiitwa. Wifi anasema jina hilo ni zuri na analitaka, ila anayepaswa kulitamka kwanza hajafika. Mtu aliyefunga mlango hangesema hivyo. Hayo ni mawazo yangu.

Na mimi nimeamua jambo moja, nakuambia wewe kwanza. Nitasoma mpaka nichoke mwenyewe, kama ulivyosema. Na siku mtu atakapokuja kuniposa, kabla ya mengine yote nitamuuliza kama akinikosea ataweza kuniletea isale mimi mwenyewe, mkononi mwangu, mbele za watu. Akicheka, nitamshukuru nimpe chai aende. Natamani siku hiyo niweze kumwambia kwamba kaka yangu alifanya hivyo, kwa hiyo inawezekana.

Mama anakusalimu sana, anasema ule na uvae soksi. Baba anakusalimu, hakusema zaidi. Mzee Aminieli anakusalimu. Nilipofika mwisho nilimuuliza wifi kama ana salamu, akasema niandike kwamba ni mzima na mtoto ni mzima. Msalimie Isack na uwasalimie wote unaoishi nao vizuri.

Shule inafunguliwa Jumanne, Julai 8, na mimi naondoka asubuhi. Siku ya soko itakayofuata Baba atapika, atatembea na bakuli mpaka mlangoni, atakohoa, na ndani hawezi kuingia. Hakutakuwa na mtu wa kulipokea.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Herieth Basili.